Kongresi ya Wahindi wa Afrika ya Mashariki na Jina Lililoibeba

Mtu wa Pwani, tangu zama ambazo majahazi ya Kachi na Porbandar yaliingia Unguja na Mombasa kwa pepo za kaskazi, hakupata kumwita mgeni wake wa kutoka Bara Hindi kwa jina moja. Alimjua Banyani kwa kilemba chake na kwa nyama asiyoionja. Alimjua Bohora kwa kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu na kwa duka la misumari na minyororo. Alimjua Khoja, na ulipotokea mfarakano baina ya Makhoja akawajua Maismailia mbali na Maithnaasheri mbali, asikosee mlango alipopelekewa mwaliko wa arusi. Alimjua Memoni, na Badala mwenye vyombo, na Mgoa mwenye tarumbeta ya bendi ya Sultani, na reli ilipopanda bara akamjua na Kalasinga aliyetengeneza kila chenye gurudumu. Jina la Mhindi alikuwa nalo pia, lakini aghalabu lilikuwa la kutajia bidhaa na bahari kuliko la kutajia jirani, kwa kuwa jirani ana jina lake.

Ndiyo maana jambo lililotendeka Mombasa mwezi wa Machi 1914 lilikuwa la ajabu kuliko linavyosomeka katika vitabu. Watu wa majina hayo mengi, ambao hawakuoana, wala hawakula sahani moja, na ambao hata mauti hayakuwakutanisha, kwa kuwa huyu alizikwa na yule alichomwa, waliketi katika mkutano mmoja wakakubali kuitwa kwa jina moja, nalo wakaliandika kwa Kiingereza, madhali hawakuwa na lugha yao nyingine ambayo wote wangeridhia kuandikiwa. Jina hilo lilikuwa Kongresi ya Wahindi wa Afrika ya Mashariki. Imepita zaidi ya karne moja tangu siku ile, na taasisi yenyewe haipo tena; lakini katika maisha yake, ambayo hayakufika miaka 50 ya nguvu, iliyapitia karibu masaibu yote yanayompata mtu aliyehama kwao na moyo wake ukabaki umegawanyika baina ya pwani mbili, na kwa sababu hiyo inastahili kukumbukwa na sisi ambao hatukuwa wanachama wake.

Aliyekiongoza kikao cha kwanza alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, Bohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890, akatajirika kwa mikataba ya kuleta watu na vyakula vya reli ya Uganda. Watu hao wa reli yafaa tuwataje kwa hesabu, kwa kuwa wamesemwa sana bila ya hesabu: walioletwa kwa mkataba walizidi 31,000, waliokufa kwa homa, kwa ajali na kwa meno ya simba walikaribia 2,500, na waliobaki baada ya mikataba yao kwisha hawakufika 7,000. Wengine wote walirudi kwao. Basi anayedhani kwamba kila mwenye duka katika Afrika ya Mashariki ni mjukuu wa kuli wa reli amekosea, kwa kuwa wengi wao walikuja wenyewe, kwa nauli yao au ya ami zao, wakaufuata mkondo wa biashara uliokuwa ukitiririka kabla reli haijafikiriwa. Mmoja wao alikuwa Allidina Visram, Khoja wa Kismailia, aliyekuja Unguja angali mtoto, na ambaye duka zake zilipanda kutoka Bagamoyo hadi Uganda. Naye alikuwa katika wazee walioinua mikono ya siasa hii changa, ingawa hakuishi kuiona ikikua, kwani alifariki mwaka 1916.

Jeevanjee hakuwa mtu wa kukaa nyuma. Mwaka 1901 alianzisha gazeti Mombasa, akaliuza mwaka 1905, na kwa mzaha wa majaliwa gazeti lile likaja kuwa sauti ya walowezi wa Kizungu waliomchukia. Alijenga soko la Nairobi. Aliutunuku mji bustani, akatia ndani yake sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa mwaka 1906. Aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, wa kwanza asiye Mzungu. Alikuwa raia mtiifu wa dola ya Kiingereza kuliko Waingereza wengi, na utiifu huo ndio uliokuwa hoja yake: kwamba raia wa Mfalme ni raia wa Mfalme, awe na ngozi gani, na kwamba nchi iliyojengwa kwa reli ya jasho lao haina insafu ikiwakataza kununua shamba.

Maana shina la ugomvi lilikuwa ardhi. Nyanda za juu, zenye baridi na udongo mwekundu, zilikuwa zikigawiwa walowezi, na mwaka 1908 Elgin, waziri wa makoloni, alikubali kwamba kwa desturi ya utawala mashamba ya huko hayatapewa Wahindi. Alisema ni desturi tu, si sheria. Lakini sheria ikafuata mwaka 1915, ikampa gavana uwezo wa kuzuia shamba la Mzungu lisiuziwe mtu wa kabila jingine, na ikawapa walowezi hati za miaka 999. Kulikuwa na mengine, kama vile mashauri ya kutenga makazi mijini kwa rangi, na vizuizi katika biashara na katika kuingia nchini. Hayo yote yalimgusa Banyani na Bohora na Kalasinga sawasawa, kwa kuwa karani wa serikali, kinyume cha mtu wa Pwani, hakutazama kilemba wala kofia. Kwake wote walikuwa Wahindi. Twaweza kusema basi kwamba jina lile walipewa kwanza na aliyewadharau, kisha wao wakalifanya bendera.

Namna ya bendera ilitoka kwao. Kongresi ya Taifa ya India iliasisiwa Bombay mwaka 1885, na Natal, katika Afrika ya Kusini, kijana mmoja mwanasheria aliyeitwa Gandhi aliasisi Kongresi ya Wahindi wa huko mwaka 1894. Gandhi huyo, na hili hupenda kulikumbuka kila nionapo meli katika mlango wa Lamu, alipopita pwani yetu mwaka 1893 akielekea Durban, aliteremka Lamu kutazama mji, akawakuta Wahindi wenzake katika ofisi ya posta, akazungumza nao hata nusura aachwe na meli. Nahodha wake, ambaye alikuwa amemfanya mwenzi wa kucheza sataranji, aliamuru meli imngoje kidogo, lakini ngazi ilikuwa imekwisha kupandishwa. Miaka 21 baadaye Mombasa ilichukua sura ya kazi aliyoifanya kusini: mkutano wa kila mwaka au kila ilipowezekana, rais mwenye kuheshimika, maazimio yenye namba, waraka kwa gavana na mwingine kwa London, na wa tatu, ambao ndio uliotegemewa zaidi, kwa wakubwa wa siasa wa India.

Katika mazoea haya ya kuandika nyaraka tatu mimi naona nguvu ya Kongresi na maradhi yake pia. Gavana wa Nairobi angeweza kumdharau mfanyabiashara wa Nairobi, lakini London haikuweza kuidharau India, taji la dola yote, wakati India ilipokuwa ikitokota. Kwa hiyo kila malalamiko ya duka moja yalifungwa katika kitambaa cha heshima ya umma wa mamilioni. Mtu mdogo aliazima sauti kubwa. Lakini sauti ya kuazima ina mwenyewe, naye mwenyewe ana mambo yake, na siku akibadili maneno huna budi kubadili nawe.

Mwaka ule ule wa 1914 vita vikaingia, na sauti ya Kongresi ikafifia. Serikali ikaingiwa na hofu ya fitina iliyovuma kutoka kwa Wahindi wa Kalifornia waliojiita Ghadar, ikawasaka watu hata katika karakana za reli, na baadhi yao wakauawa kwa hukumu ya mahakama za kijeshi. Vita vilipokwisha, na Mjerumani akiwa amenyang'anywa Tanganyika, likazuka wazo ambalo historia ya fahari tupu ingelipita kimya, nami siwezi kulipita: kwamba nchi ile iliyotekwa ipewe India iwe koloni lake, iwe thawabu ya askari wake waliokufa vitani. Jeevanjee mwenyewe alikwisha kusema London, mwaka 1910, kwamba himaya hii ya Afrika ingefaa iunganishwe na milki ya Hindi. Wenyeji wa nchi hawakuulizwa. Walowezi walisema nchi ni yao kwa kuwa waliistaarabisha, Wahindi wakajibu kwamba walitangulia kufika, na Mgogo na Mkikuyu walisimama pembeni kama mwenye nyumba anayesikiliza wageni wawili wakigombania chumba chake. C. F. Andrews, kasisi wa Kiingereza rafiki wa Gandhi, aliyekuja kutuzuru kipindi hicho, aliipinga tamaa hiyo waziwazi, na wazo likafa. Lakini kumbukumbu yake ilibaki kuwa silaha mikononi mwa hasimu, naye aliitumia.

Mtu aliyeiondoa Kongresi katika tamaa ya namna hiyo, au walau aliyeielekeza uso wake upande mwingine, ni Manilal Ambalal Desai. Alifika Nairobi mwaka 1915, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili, akaiacha, kisha akawa mhariri wa gazeti lililoitwa East African Chronicle. Hakuwa tajiri. Jeevanjee alimwendea gavana kama mwenye mali anayedai risiti yake, ilhali Desai alimwendea kama mtu asiye na cha kupoteza, na mlango wa chumba chake cha gazeti ulikuwa wazi kwa kijana mmoja wa Kikuyu, karani wa simu katika hazina ya serikali, jina lake Harry Thuku. Matangazo ya Kiswahili ya Thuku yalipigwa chapa katika mtambo wa Desai. Mwezi wa Julai 1921 mkutano wa Waafrika wa Nairobi, Thuku akiwa mbele, uliazimia kwamba Wahindi hawawadhuru Waafrika, na kwamba baada ya wamishonari hawana marafiki wema kuliko wao. Machifu wa Kikuyu wakaruka maneno hayo, wakasema Thuku hakutumwa na mtu. Yawezekana pande zote mbili zilisema kweli yao. Thuku alihitaji mtambo wa chapa, Desai alihitaji ushahidi, na urafiki huanza kwa sababu duni kuliko hizo. Lakini serikali iliuogopa. Mwezi wa Machi 1922 Thuku alikamatwa, watu waliokusanyika kumdai wakapigwa risasi mbele ya kituo cha polisi, yeye akahamishiwa Kismayu, na gazeti la Desai, lililokwisha kuelemewa, likanyamaza.

Ugomvi mwenyewe ulifika kileleni katika miezi iliyofuata. Sensa ya 1921 ilihesabu Wahindi 22,822 na Wazungu 9,651. Milner, waziri wa makoloni, aliwapa Wahindi mwaka 1920 viti viwili vya kuchaguliwa kwa daftari lao peke yao, nao wakavikataa, kwa kuwa walichodai ni daftari moja la wapiga kura wa rangi zote wenye elimu au mali ya kadiri fulani. Neno hili la daftari moja ndilo roho ya Kongresi, na asiyelielewa hataelewa kilichofuata miaka 30 baadaye. Mwaka 1922 maofisa wawili wa London, Wood na Winterton, walipendekeza jambo lililokaribiana na dai hilo, na walowezi wakahamaki kiasi cha kufanya njama ya kumteka gavana wao wenyewe na kumficha shambani mpaka London iwasikilize. Hadithi hiyo yachekesha sasa. Hata hivyo London, iliyowaadhibu Waafrika wasio na silaha mwaka ule ule, haikumwadhibu hata mmoja wa wale waliojiandaa kuasi kwa bunduki, bali iliwaita wazungumze.

Basi mwaka 1923 ujumbe wa Kongresi, Jeevanjee na Desai wakiwamo, ulikwenda London, na Srinivasa Sastri akaja kutoka India kuwasemea kwa Kiingereza ambacho mabwana wenyewe walikisifu. Mwezi wa Julai Duke wa Devonshire akatoa hati iliyoitwa Wahindi wa Kenya. Daftari moja lilikataliwa. Wahindi walipata viti vitano, Wazungu 11, Waarabu kimoja. Nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Na makazi ya kutengwa mijini, hilo angalau, yakafutwa. Hati ile ikasema zaidi ya hayo kwamba Kenya ni nchi ya Kiafrika na kwamba maslahi ya wenyeji yatatangulia yakigongana na ya wageni, Mzungu na Mhindi kadhalika. Waliogombana kwa miaka mitatu, kila mmoja akimtaja Mwafrika ili kumshinda mwenzake, walimwona mwamuzi akiichukua hoja hiyo na kuiandika kwa wino, na wino, hata ukiandikwa bila nia, husomwa.

Kongresi ilirejea na ghadhabu. Wanachama wakaambiwa wasijiandikishe katika daftari la kutengwa, wasiende kuketi katika viti vile, wasilipe kodi ya kichwa. India ikamtuma mshairi Sarojini Naidu, naye akakiongoza kikao cha Januari 1924 hapa Mombasa. Mwanamke katika kiti cha rais, wakati ambapo wengi wa waliomsikiliza walikuwa na wake zao nyuma ya pazia. Utashi ulikuwapo, lakini kugoma kulipa kodi ni kazi ya maskini wasio na leseni za kunyimwa, na Kongresi ilikuwa ya wenye duka na mawakili. Mgomo wa kodi ukazimika upesi. Ule wa viti ukadumu miaka kadhaa, ukilegea na kukaza. Desai alifariki Bukoba mwaka 1926, akiwa safarini, na watu wake wakamjengea Nairobi ukumbi wenye jina lake, ambamo baadaye wanasiasa wa Kiafrika walifanyia mikutano yao mingi.

Miaka iliyofuata sina haja ya kuiandika mwaka kwa mwaka. Ilikuwa miaka ya maazimio. Isher Dass, kijana mwenye ulimi mkali, alisafiri na Jomo Kenyatta kwenda London mwaka 1929, kisha akaingia Baraza la Kutunga Sheria akasema humo juu ya ardhi ya Waafrika maneno ambayo wenzake walitamani angeyapunguza. Alipigwa risasi ofisini mwake Nairobi mwaka 1942.

Ila jambo moja la miaka ile, lililotokea Unguja, halina budi kutajwa, kwa kuwa haikupata kuonekana tena kwa uwazi namna ile jinsi siasa ya kwao ilivyoweza kuvuka bahari ikatenda kazi. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalikuwa yamefunikwa na madeni. Mwenye shamba aghalabu alikuwa Mwarabu au Mswahili, na mwenye kumdai aghalabu Mhindi. Serikali ilitunga sheria tangu 1934 za kuzuia shamba lisitwaliwe kwa deni, kisha mwaka 1937 ikaipa jumuiya ya wakulima wa karafuu, ambayo kwa kweli ilikuwa mkono wa serikali, haki ya peke yake ya biashara ile. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona kaburi lao likichimbwa. Wakapeleka kilio India, na Kongresi ya huko, Vallabhbhai Patel akiwa mbele, ikawaamuru watu wasinunue karafuu ya Unguja, hata bandari ya Bombay ikapokea meli isiyo na harufu yake, na India ilikuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa duniani. Mwezi wa Mei 1938 serikali ya Unguja ikafanya suluhu, na wafanyabiashara wakarudishiwa nafasi. Ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wote wa umoja wa Wahindi wa pwani hii. Ulipatikana kwa mkono wa Bombay, na mwenye mikarafuu mitatu Wete, ambaye karafuu zake zilikaa ghalani mwaka mzima huku wakubwa wakishindana, hakuuhesabu kuwa ushindi wake. Methali ya Baniani mbaya, kiatu chake dawa, ilikuwapo zamani kabla ya hapo. Sidhani kama miaka ile ilipungua kutajwa.

Na ndani ya umoja wenyewe kulikuwa na ufa usiokuwa wa dini. Makhan Singh, Kalasinga aliyekuja Kenya na mama yake mwaka 1927 akiwa kijana wa miaka 13, aliigeuza mwaka 1935 jumuiya ya mafundi wa Kihindi kuwa chama cha wafanyakazi wa rangi zote, akatawanya vikaratasi vya Kipunjabi, Kigujarati, Kiurdu na Kiswahili. Mgomo wake wa 1937 ulidumu miezi miwili, na walioguswa na mgomo huo ni makontrakta wa Kihindi pia, watu wa Kongresi, waliojua kuzungumza juu ya insafu ya Devonshire kuliko juu ya ujira wa seremala. Alipokwenda India alikamatwa akafungiwa huko miaka ya vita, akarejea Kenya mwaka 1947, mwaka ambao kijiji alichozaliwa, Gharjakh karibu na Gujranwala, kiliamka kimo ndani ya Pakistan.

Hapo ndipo tunapofika penye jeraha. Rais wa kwanza wa Kongresi alikuwa Muislamu, na mwaka 1914 hilo halikuwa jambo la kutajwa. Lakini kadiri siasa ya India ilivyogawanyika baina ya Kongresi ya huko na chama cha Muslim League, ndivyo magazeti yaliyoletwa na meli yalivyosomwa Nairobi na Mombasa kwa macho mawili mbalimbali. Waislamu wa Kipunjabi wa Nairobi walikuwa na jamaa zao Lahore na Sialkot. Agha Khan aliwataka Waismailia wake waishike Afrika, na mwaka 1945 akaasisi Mombasa jumuiya ya maslahi ya Waislamu wa Afrika ya Mashariki, ambayo ilimtazama Muislamu wa Kiafrika kuwa ndugu wa karibu kuliko Mhindi asiye Muislamu. Na vyama vya Kiislamu vya Kenya vikaanza kudai wawakilishi wao. Agosti 1947 ilipofika na nchi moja ikawa mbili, jina la Kongresi, ambalo hata mtu mmoja hakulibadili, likabadilika lenyewe. Mhindi alikuwa mtu wa Bara Hindi. Sasa alikuwa mtu wa dola ya India. Muislamu wa Sialkot mwenye duka la vitambaa River Road, aliyelala Mhindi, aliambiwa asubuhi kwamba chama chake ni cha nchi ya kigeni.

Haikumwagika damu kama ilivyomwagika Lahore na Amritsar. Watu waliendelea kuuziana na kukopeshana. Waliachana kwa karatasi. Mwaka 1951 sheria ilithibitisha kwamba Wahindi wa Kenya watapiga kura katika madaftari mawili, viti vinne vya wasio Waislamu na viwili vya Waislamu, na wawakilishi wa walowezi waliiunga mkono kwa furaha isiyofichika. Kongresi iliyokataa daftari la kutengwa tangu 1920, iliyosafiri hadi London kwa ajili ya neno hilo, iliyoacha viti vyake vitupu miaka, sasa iliona watu wake wenyewe, ndugu wa Jeevanjee na Visram, wakiliomba na kulipata. Najua hoja za Waislamu, nazo si za kupuuzwa: walikuwa wachache, na mchache katika daftari moja humezwa. Ni hoja ile ile waliyoitumia walowezi dhidi yao wote.

Mwaka 1952 taasisi ikabadili jina, ikajiita Kongresi ya Wahindi wa Kenya. Afrika ya Mashariki ilitoka katika jina, Wahindi wakabaki. Serikali nayo, ikiwa haina tena neno la kuwataja wote bila ya kumkasirisha nusu yao, ikazoea kuwaita Waasia, neno pana kama bahari, linaloweza kumchukua hata Mjapani.

Na ajabu ya mambo ni kwamba katika miaka ile ile ya kupasuka, walio bora katika Kongresi walifanya kazi yao iliyo bora. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Kongresi na chama cha siasa cha Waafrika, KAU, walikutana pamoja kuupinga mpango wa walowezi, na Makhan Singh akasimama akadai uhuru kamili sasa hivi. Wiki tatu baadaye alikamatwa, akawekwa kizuizini zaidi ya miaka 11, muda ambao hata Kenyatta hakuufikia. Kenyatta aliposhitakiwa Kapenguria, mawakili A. R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza, Mgoa, walikuwamo katika safu ya kumtetea, na Nehru akamtuma Diwan Chaman Lall kutoka Delhi. Magazeti ya Waafrika yalipigwa chapa katika mitambo ya Girdhari Lal Vidyarthi, aliyekwisha kufungwa kwa maandishi ya uchochezi. Apa Pant, balozi wa India Nairobi tangu 1948, aliyarudia maneno ya Nehru kila alipoalikwa: kwamba Wahindi wa Afrika wasiitazamie India iwapiganie dhidi ya Waafrika, kwamba wao ni wageni na maslahi ya mwenyeji yatangulie. Mabwana wa duka waliomsikiliza walipiga makofi. Nadhani wengi hawakuamini kwamba alikuwa akisema nao. Kwa maana mzee wao mwenye sauti kubwa, aliyewapigania karafuu, sasa alikuwa akiwarejeshea barua yao bila ya kuifungua.

Baadhi yao walielewa. A. B. Patel, wakili wa Mombasa, nguzo ya Kongresi kwa miaka mingi, akawa waziri mwaka 1954, kisha akaiacha siasa na nchi pia, akaenda Pondicherry kuishi maisha ya ibada. Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, ambaye kwao Goa kulikuwa chini ya Mreno na kwa hiyo hakuwa Mhindi kwa hati yoyote, alikataa kuchagua baina ya nyumba mbili: akampinga Mreno, akampinga Mwingereza, akafungwa na huyu wa pili. Aliuawa Nairobi Februari 1965, nchi ikiwa huru. Mwaka 1960 Chanan Singh na wenzake waliunda chama cha Kenya Freedom Party kudai, kwa mara nyingine, daftari moja. Na mara hii walilipata, kwa kuwa waliolileta walikuwa Waafrika kwa wingi wao. Penye daftari moja Kongresi haikuwa na kazi. Wengi wa watu wa Kenya Freedom Party wakaingia chama cha KANU, na taasisi iliyozaliwa Mombasa 1914 ikabaki kuwa anwani ya barua na kumbukumbu za wazee.

Waliopewa miaka miwili baada ya Desemba 1963 kuchagua uraia, wengi walisita, nao waliosita walikuwa na kila nasaba katika yale majina ya zamani. Mwaka 1968, uvumi wa mlango wa Uingereza kufungwa ulipowafikia, walijaza viwanja vya ndege pamoja, Banyani na Bohora na Kalasinga, bila ya kuitishwa mkutano. Bustani ya Jeevanjee ingalipo Nairobi. Mwaka 1991 wakubwa walitaka kuijengea maghorofa, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaipigania pamoja na Wangari Maathai hata ikasalimika, na leo saa sita mchana wahubiri husimama humo wakawahubiria makarani wanaokula mahindi ya kuchoma.

Mwezi wa Julai 2017 gazeti rasmi la serikali ya Kenya lilitangaza kwamba Wakenya wa asili ya Asia ni kabila la 44 la nchi. Ni jina lao la hivi karibuni, nao walilishukuru. Lakini ukiwa Mombasa, katika vichochoro vya Mji wa Kale, na ukahitaji bawaba ya mlango, usimwulize mtoto wa pale liko wapi duka la Mwasia, kwani atakutazama tu. Mwulize duka la Bohora, atakuonyesha kwa kidole.